Sikio Linauma, Kidonda Kipo Ulimini: Zijue Neva za Kinywa na Tezi za Mate

Mtu anaweza kuumwa sikio kwa wiki kadhaa, akapewa dawa ya matone, na bado sikio lenyewe likawa zima kabisa. Akifungua kinywa na kusogeza ulimi pembeni, kumbe kuna kidonda ubavuni mwa ulimi, karibu na magego. Wengi hushangaa, lakini jambo hili lina maelezo. Maelezo yenyewe yako kwenye neva, yaani mishipa ya fahamu inayopeleka habari kutoka kinywani hadi kwenye ubongo.

Ulimi mmoja, neva kadhaa

Kichwa kina jozi 12 za neva zinazohesabiwa kwa namba, na ulimi peke yake unahudumiwa na kadhaa kati ya hizo. Theluthi mbili za mbele, sehemu ambayo unaweza kuitoa nje, huhisi mguso, joto na maumivu kupitia tawi la neva ya tano. Neva hiyo hiyo huhisi meno ya chini, ufizi, taya na sehemu ya ngozi ya sikio. Theluthi ya nyuma, iliyo karibu na koo, ni ya neva ya tisa, ambayo nayo ina tawi linaloingia sikio la kati. Neva ya kumi huhudumia koo na pia sehemu ya tundu la sikio.

Sasa utaona tatizo liko wapi. Kinywa, koo na sikio hutumia njia zilezile kufikisha habari. Maumivu yakitoka kwenye ulimi au koo, ubongo unaweza kuyasoma kama maumivu ya sikio. Kwa hiyo sikio la upande mmoja linapouma na daktari haoni kasoro ndani yake, kinywa na koo lazima viangaliwe.

Ladha ina njia yake. Sehemu ya mbele ya ulimi huonja kupitia neva ya saba, neva ya uso. Uzi wake mwembamba hupita ndani ya sikio la kati, nyuma tu ya kiwambo cha sikio, kisha hushuka kuungana na neva ya ulimi. Ndiyo maana mtu aliyefanyiwa upasuaji wa sikio anaweza kuonja ladha ya chuma kwa muda. (Ile picha ya zamani inayoonyesha utamu ncha ya ulimi na uchungu nyuma si sahihi: sehemu zote zenye vionjo huonja ladha zote.)

Kusogeza ulimi ni kazi ya neva ya kumi na mbili. Simama mbele ya kioo utoe ulimi nje. Neva ya upande mmoja ikiwa dhaifu, ulimi huelekea upande huohuo ulio dhaifu. Hali hiyo ikitokea ghafla, pamoja na maneno kuvurugika, uso kulegea au mkono kukosa nguvu, huenda ni kiharusi. Nenda hospitali saa hiyohiyo.

Tezi za mate

Ukiona mtu anakula ukwaju au embe bichi lenye pilipili na chumvi, mate hukujaa. Hizo ni neva zinaamrisha tezi. Kwa siku mwili hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu ya mate, mengi yakitoka kwenye jozi tatu za tezi kubwa.

Kubwa kuliko zote ipo mbele na chini ya sikio. Ndiyo inayovimba mtoto akipata matumbwitumbwi. Pitisha ncha ya ulimi kwenye shavu, mkabala na gego la pili la juu, huenda ukahisi kinundu kidogo. Hapo ndipo mate yake yanapotokea. Neva ya uso hupita katikati ya tezi hii ingawa siyo inayoiamrisha kutoa mate. Inapita njia tu. Hivyo uvimbe mbele ya sikio, hata usiouma, ukiambatana na uso kulegea upande huo, usiusubirie.

Tezi za chini ya taya ndizo hupata vijiwe zaidi, kwa sababu mate yake ni mazito na hupanda juu kupitia mrija mrefu. Dalili yake ni rahisi kuitambua: uvimbe unaotokea wakati wa kula na kupungua baadaye. Kunywa maji ya kutosha na kukanda taratibu kunaweza kusaidia. Homa au usaha vikijitokeza, nenda kituo cha afya.

Kinywa kikavu kisichoisha kinaweza kuletwa na baadhi ya dawa za mzio, za msongo wa mawazo au za presha, au na tiba ya mionzi ya kichwa na shingo. Usiache dawa mwenyewe; mwambie aliyekuandikia. Mate yakipungua meno huoza haraka, kwa hiyo dawa ya meno yenye floridi ni muhimu.

Lini uende kuangaliwa

Nenda ikiwa una kidonda kisichopona kwa zaidi ya wiki mbili, doa jeupe au jekundu lisilofutika, uvimbe shingoni, au ganzi ya mdomo wa chini na kidevu isiyo na sababu. Ganzi baada ya kung'olewa gego la mwisho la chini mara nyingi hupungua polepole, lakini mjulishe daktari wa meno mapema.

Tumbaku ya kutafuna, ugoro, sigara, pombe na tambuu yenye popoo huongeza hatari ya saratani ya kinywa. Hata hivyo, kutovitumia si sababu ya kupuuza kidonda.

Jiangalie mwenyewe kwenye mwanga mzuri: shika ncha ya ulimi kwa kitambaa safi, uvute kulia, kisha kushoto, halafu uinue utazame chini yake. Ukienda hospitali, taja ni upande gani na tangu lini. Na ukirudishwa nyumbani na dawa ya sikio lakini maumivu yakaendelea, rudi uombe kinywa na koo vichunguzwe.