Jino Bovu Si Ugonjwa wa Mdomo Peke Yake

Leo tunazungumza juu ya meno: meno yako, ya watoto wako, na ya mbuzi na ng'ombe wako. Huenda ukasema, jino nalo ni jambo la kuletwa redioni? Naam, ni jambo kubwa. Jino bovu likiachwa linaweza kumwua mtu. Na mnyama linaweza kumkondesha hadi afe huku majani yamejaa malishoni.

Jino huozaje?

Wazee wengi husema jino linaliwa na mdudu. Mdudu wa kuonekana kwa macho hayumo. Vilivyomo ni vijidudu vidogo mno, navyo hupenda sukari. Ukinywa chai ya sukari nyingi, mtoto akila kashata au ubuyu wa rangi, au mabaki ya muhogo yakiganda kwenye meno usiku kucha, vijidudu hula mabaki hayo na kutoa tindikali. Tindikali ndiyo inayotoboa jino. Tundu likifika ndani kwenye mshipa wa fahamu, hapo ndipo usingizi unapokimbia.

Maumivu yakikoma ghafla, usishangilie. Mara nyingi maana yake ni kwamba kiini cha jino kimekufa, na usaha unaanza kujikusanya kwenye mzizi. Kutoka hapo unaweza kuingia katika taya, ukashuka chini ya ulimi na shingoni. Ulimi huinuka, mgonjwa hawezi kumeza mate, na njia ya pumzi huziba. Vijidudu vikiingia katika damu, vinaweza kufika kwenye moyo na kuharibu vali zake, hasa kwa mtu ambaye moyo wake tayari una kasoro. Na mwenye kisukari, ufizi wake ukiugua, sukari yake huwa ngumu kutulia.

Basi shika dalili hizi: uvimbe chini ya kidevu, homa, mdomo kushindwa kufunguka, mate kuchuruzika, kupumua kwa shida. Ukiona hata mojawapo pamoja na jino bovu, usingoje asubuhi. Mtu wa Kilwa aende Hospitali ya Kinyonga, Kivinje; wa Lindi aende Sokoine. Vidonge viwili vitatu vya dukani havitoshi, maana chanzo ni jino lenyewe. Lazima litibiwe au ling'olewe na mtaalamu.

Na kwetu pwani, kungoja kuna hatari zaidi. Aliyeko Songosongo anahitaji chombo na bahari tulivu. Mwezi Mei 2024 mvua iliikata barabara ya kwenda Dar es Salaam katika wilaya ya Kilwa. Kwa hiyo, jino litibiwe likiwa bado tundu dogo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Na mifugo je?

Mbuzi na ng'ombe hawana meno ya mbele ya juu. Huo si ugonjwa, ndivyo walivyoumbwa. Chini wana meno ya mbele 8, nayo wakifika miaka 4 hivi huwa wamekwisha kuyabadilisha yote. Baadaye meno huanza kulika, kulegea na kung'oka. Mbuzi wa namna hiyo hawezi kukata majani makavu ya kiangazi. Mwenyewe hudhani ni minyoo, akanunua dawa bure.

Ugonjwa mwingine ni wa taya. Mwiba au bua gumu likichoma ufizi, vijidudu vinavyokaa mdomoni siku zote huingia ndani ya mfupa. Taya huvimba, likawa gumu kama jiwe, baadaye likatoa usaha. Akitibiwa mapema anaweza kupata nafuu. Akichelewa, mfupa haurudi kama ulivyokuwa.

Mchunguze mnyama anayetafuna upande mmoja, anayedondosha majani aliyokwisha kutafuna, mwenye mdomo unaonuka, au anayekonda wakati wenzake wamenenepa. Lakini sikiliza vizuri hapa: mnyama anayetokwa mate mengi na kushindwa kumeza, usimtie mkono mdomoni. Huenda ana kichaa cha mbwa, na mate yake yanaweza kukuua. Mtenge, kisha umwite Bwana Mifugo.

Mambo ya kufanya

1. Piga mswaki asubuhi, na usiku kabla ya kulala, kwa dawa yenye floridi. Asiye na mswaki wa dukani atumie kijiti cha mti wa mswaki, akitafune ncha hadi kiwe nyuzi.
2. Punguza sukari. Mtoto asilale na kitu kitamu mdomoni.
3. Chungulia kinywa cha mtoto kila mwezi. Ukiona doa jeusi au tundu, mpeleke kwa mtaalamu.
4. Kagua meno ya mifugo kabla ya kiangazi. Mzee asiye na meno mpe majani laini na pumba, au muuze angali na nyama.

Maswali ya kujadiliana

Je, hapa kijijini petu, mtu akivimba taya usiku, nani ana chombo cha kumfikisha hospitali? Je, katika zizi lako yupo mnyama anayekonda ambaye hujamtazama meno?