Kufuli ya mwenye nyumba si amri ya mahakama

Msomaji, ikiwa umepanga chumba Maweni au Kisumu Ndogo mjini Malindi, au Mnarani kule Kilifi, wajua mambo yalivyo kusi inapoanza kuvuma. Watalii hurudi kwao, hoteli hufunga au kupunguza watu, na mshahara hukatika. Kodi haikatiki. Mwezi wa kwanza keyateka hubisha hodi. Wa pili huja ukakuta kufuli isiyo yako mlangoni, watoto wameketi barazani na mikoba yao ya shule.

Je, mwenye nyumba ana haki hiyo? Hana. Kodi yake ni haki yake na anaweza kukushtaki. Lakini kukufungia nje, kuezua mabati au kukukatia maji ili uhame mwenyewe, hapana. Hata kushika vyombo vyako kwa deni ni kazi ya dalali mwenye leseni, si ya vijana waliookotwa steji.

Tatizo ni kima cha kodi. Sheria ya Kudhibiti Kodi, ambayo ni ya tangu 1959, humlinda mpangaji ambaye kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Huyo haondolewi mpaka jopo la kodi liridhike na sababu. Ukilipa 3,000, jopo hilo si lako. Unabaki na mkataba wako, kama unao, na Sheria ya Ardhi ya 2012. Kwa anayelipa mwezi kwa mwezi bila mkataba mwingine, sheria hiyo yataka notisi ya mwezi mmoja tu. Sasa nitajie chumba chenye stima na choo ndani kinachopatikana mjini kwa 2,500!

Ajabu ni kwamba mpangaji wa duka ana afadhali. Sheria ya 1965 humpa wengi wao notisi ya miezi miwili na nafasi ya kupinga mbele ya jopo. Unga una kinga kuliko mtoto anayeula.

Mwaka 2021 mswada ulichapishwa wa kuziunganisha sheria hizi mbili na ile ya kukamata mali kwa deni la kodi, na kusisitiza kuwa mpangaji hafukuzwi bila amri. Bunge lilimaliza muda wake 2022 kabla haujawa sheria.

Wenye nyumba waliulalamikia, na si wote matajiri. Yuko bibi mjane mwenye nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, hana kingine. Mpangaji akikaa mwaka mzima bila kulipa huku kesi ikiahirishwa, bibi huyo atakula nini? Mimi naona mswada wowote ujao upandishe kile kima cha 2,500, na papo hapo uweke siku za kesi kuamuliwa. Ukifanya moja bila la pili, utamwonea mmoja wao.

Kwa sasa, dai risiti, na ukilipa kwa M-Pesa usifute ujumbe. Kazi ikisimama, mwandikie mwenye nyumba mapema utalipa kiasi gani na lini. Akikubali, atie sahihi. Na ukikuta kufuli, usiivunje. Piga picha, mwite mzee wa mtaa ashuhudie, kisha nenda kituo cha polisi uandikishe na utoke na nambari ya OB.