Moyo ukiruka pigo: kabla ya maji na pumzi, shika kwanza mkono

Mama anapanda kutoka bondeni, Busunzu, na dumu la lita 20 kichwani. Ni kiangazi, jua limeshapanda, na tangu asubuhi hajanywa kitu zaidi ya kikombe cha chai. Akifika nyumbani analitua dumu, anakaa kwenye kigoda, na hapo moyo unaanza vituko. Unadunda, unasita, unaruka, unadunda tena kama samaki aliyetiwa ndooni. Wifi yake anamwambia anywe maji. Jirani anamwambia avute pumzi ndefu na aache mawazo. Mwanaye aliye Kasulu mjini anamtumia ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya simu, kwamba moyo wa namna hiyo unatibika kwa maji na pumzi tu.

Mama huyu ni wa mfano, lakini ushauri anaopewa ni ule ule tunaopeana majumbani kila siku. Na haujakosewa wote. Kasoro yake ni kwamba hakuna aliyemshika mkono akahesabu.

Kuhesabu mapigo hakuhitaji mashine. Weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba. Usitumie dole gumba, kwa kuwa lina mapigo yake na litakuchanganya. Kaa umetulia dakika 5, kisha hesabu kwa dakika nzima ukitazama saa ya simu. Mtu mzima aliyetulia huwa kati ya mapigo 60 na 100 kwa dakika. Halafu sikiliza mwendo wenyewe. Je, ni wa haraka lakini umepangika kama cherehani? Je, unakwenda vizuri, mara pigo moja linaruka, kisha unaendelea? Au hauna mpangilio kabisa, kama matone ya kwanza ya mvua kwenye bati? Hizo ni hali tatu tofauti, na maji na pumzi havifanyi kazi sawa katika zote.

Kwa watoto kuna jambo linalowatisha wazazi bure. Mtoto mzima wa afya akivuta pumzi, mapigo huongeza kasi kidogo, akiitoa, hupungua. Ukimshika mkono unaweza kudhani moyo wake una hitilafu, kumbe ndivyo unavyotakiwa kuwa. Mwambie abane pumzi kwa muda mfupi, na mara nyingi utaona mwendo unanyooka. Mtoto pia ana mapigo ya kasi kuliko mtu mzima, na mchanga anaweza kufika 160 akiwa hana ugonjwa wowote. Homa, malaria na upungufu wa damu huyapandisha zaidi, kwa hiyo mtoto mwenye moyo unaokwenda mbio apimwe malaria na wingi wa damu kabla hatujaanza kuusingizia moyo.

Turudi kwa maji. Mwili ukipungukiwa na maji, damu inayorudi kwenye moyo hupungua, na moyo hulazimika kupiga haraka ili kufidia. Jasho, na hasa kuhara na kutapika, huondoa pia chumvichumvi ambazo umeme wa moyo unazitegemea, potasiamu ikiwa ya kwanza. Ndiyo maana mtu aliyeharisha siku mbili anaweza kuhisi moyo unaruka, na ndiyo maana maji matupu hayamtoshi. Anahitaji maji ya chumvi na sukari: pakiti ya ORS kutoka zahanati, au kama haipo, lita 1 ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Sisi wa mkoa wenye chumvi ya Uvinza tuna mkono mzito kwenye chumvi, lakini hapa nusu kijiko ni nusu kijiko. Ikizidi inamdhuru mtoto. Potasiamu yenyewe ipo kwenye ndizi, maharage, viazi na parachichi, vyakula ambavyo nyanda za juu za Kigoma hazina uhaba navyo.

Lakini ushauri wa maji mengi kwa kila mtu ndio unaonitia wasiwasi kuliko wote. Mgonjwa ambaye moyo wake umechoka, anayevimba miguu jioni, anayeamka usiku akitafuta hewa au asiyeweza kulala bila mito mitatu, mwili wake tayari umezidiwa na maji. Ukimpa mengine unamzamisha. Huyo anywe kiasi alichopangiwa na daktari, na mwenye ugonjwa wa figo vilevile, tena figo zikiwa mbovu hata ndizi huwa na mipaka.

Vinywaji vya kuongeza nguvu, vile vya makopo na chupa ndogo ambavyo madereva wa bodaboda na wanafunzi wa kidato cha nne wanavipenda, havihesabiki kama maji. Huchochea moyo. Kahawa kikombe kimoja au viwili kwa siku haina neno kwa watu wengi.

Na pumzi? Kutoka kwenye ubongo kuna mshipa mrefu wa fahamu, vagasi, unaoshuka hadi moyoni na kufanya kazi kama breki. Unapotoa pumzi polepole, breki hiyo hukazwa kidogo. Vuta pumzi kwa puani ukihesabu hadi 4, itoe ukihesabu hadi 6, tumbo likipanda na kushuka, kwa dakika 5. Kwa aliyeshikwa na hofu, au ambaye pigo moja moja linaruka baada ya uchovu na kukosa usingizi, hili husaidia kweli. Usivute kwa pupa. Pumzi nyingi za haraka huleta kizunguzungu na ganzi vidoleni, na hofu inaongezeka.

Kuna pumzi ya aina nyingine, ya kusukuma, na hii ina ushahidi wa hospitalini. Jina lake limetokana na Antonio Valsalva, daktari wa Italia aliyefariki mwaka 1723. Inatumika kwa ile hali ya kwanza, moyo unaoanza ghafla kwenda kasi sana, pengine zaidi ya 150, lakini kwa mpangilio. Mwaka 2015 madaktari wa Uingereza walichapisha utafiti wa wagonjwa 428. Wote walipuliza kwa nguvu sekunde 15. Nusu yao, mara baada ya kupuliza, walilazwa chali na kunyanyuliwa miguu sekunde 15 nyingine. Waliobaki wameketi, moyo ulirudi kwenye mwendo wake kwa asilimia 17. Walionyanyuliwa miguu, asilimia 43. Kupuliza huko kunaweza kufanywa kwa bomba la sindano la mililita 10, mgonjwa akijaribu kusogeza kifimbo chake kwa kupuliza.

Ni habari njema kwa zahanati ya kijijini, lakini si mchezo wa kuanzia nyumbani. Kwanza upimwe ECG, kile kipimo cha kubandikwa waya kifuani, mikononi na miguuni, ijulikane ni mwendo gani, kisha mtaalamu akufundishe. Mwenye maumivu ya kifua au anayetaka kuzimia asijaribu. Mtoto mchanga asipulizishwe wala kumwagiwa maji baridi usoni, apelekwe hospitali.

Sasa ile hali ya tatu, matone kwenye bati. Hapa vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kusukuma, damu inatuama ndani yake, inaganda, na bonge likichomoka linaweza kufika kwenye ubongo. Hatari ya kiharusi huongezeka karibu mara tano. Hakuna pumzi wala glasi ya maji inayoyeyusha bonge hilo. Mgonjwa anaweza kutulia, akajisikia nafuu, na bonge likaendelea kujengeka. Anachohitaji ni uchunguzi na mara nyingi dawa ya kuzuia damu kuganda.

Ulaya hali hii huwapata zaidi wazee. Kwetu ina njia nyingine: milango ya moyo iliyoharibiwa na homa ya rumatiki utotoni. Utafiti uitwao REMEDY, uliohusisha wagonjwa 3,343 wa milango ya moyo katika nchi 14, zikiwamo Kenya, Uganda na Rwanda, ulikuta nusu yao wana miaka 28 au pungufu, na theluthi mbili ni wanawake. Hao ni mama zetu wanaonyonyesha. Safari ilianzia kwenye koo: mtoto wa miaka 5 hadi 15 anaumwa mafindofindo, yale tunayoita tonsesi, ana homa bila mafua wala kikohozi, anapewa maji ya chumvi kusukutua, basi. Wiki mbili au tatu baadaye goti linavimba, kesho linapona na kuhamia kiwiko, na watu wazima wanasema anakua. Koo la namna hiyo linahitaji kupimwa na kupewa penisilini au amoksilini hadi dozi iishe. Mtoto aliyekwisha kupata homa ya rumatiki huchomwa sindano ya penisilini kila wiki 3 au 4, kwa miaka.

Kutoka Busunzu, ngazi zinajulikana: zahanati, kituo cha afya, Hospitali ya Wilaya Kibondo, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni pale Kigoma mjini, na ikibidi Bugando Mwanza au Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Ni mbali na ni nauli. Usisubiri ngazi ya kwanza ikiwa mtu amezimia, kifua kinambana, hawezi kumaliza sentensi kwa kukosa hewa, mdomo umepinda au mkono mmoja umelegea. Mtoto anayeanguka na kupoteza fahamu akiwa anakimbia naye ni wa kupelekwa siku hiyo hiyo, hasa kama kwenye ukoo kuna aliyefariki ghafla akiwa kijana.

Kwa wengine, tatizo ni kwamba moyo hutulia kabla hujafika kwa daktari, na ECG inatoka safi. Kwa hiyo nunua daftari la kurasa chache. Kila tukio andika tarehe, saa, ulikuwa unafanya nini, ulikunywa au kumeza nini, mapigo mangapi kwa dakika, yamepangika au hayakupangika, yalianza ghafla au taratibu, yakaisha vipi. Dawa za mafua na za pumu ziandike pia, maana baadhi huupandisha moyo. Siku ya kliniki mkabidhi daktari daftari hilo kabla hajakuuliza chochote.