Waigizaji Ndani ya Pakiti ya Sigara

Katika miaka ya 1870, sigara za Marekani ziliuzwa katika pakiti laini za karatasi, zikapindika na kuvunjika mfukoni. Dawa yake ilikuwa kipande cha kadi ngumu. Wenye viwanda hawakukawia kuona kwamba kipande hicho, kikichapwa picha, kingevuta wateja.

Mashine ya James Bonsack, iliyopata hataza mwaka 1881, ilitoa sigara zipatazo 120,000 kwa siku. Kampuni ya W. Duke, Sons & Co. ya Durham, North Carolina, ilipoanza kuitumia, kazi ikawa kutafuta wavutaji. Mwaka 1884 mchuuzi wake mjini Atlanta, Edward Small, aliitangaza kwa picha ya mwigizaji Rhea akiwa na sigara za Duke mkononi. Baadaye sura za nyota wa jukwaani kama Lillian Russell na Lillie Langtry zikajaa mifukoni mwa wanaume. Kinney Brothers, watengenezaji wa Sweet Caporal, walibandika picha halisi za kamera, ndogo na za rangi ya kahawia.

Baadhi ya waigizaji walivaa nguo za kubana miguu, enzi ambayo hata kifundo cha mguu wa mwanamke kilizua minong'ono. Washington Duke, mzee mcha Mungu, alimwandikia mwanawe James mwaka 1894 akizilaumu picha hizo kuwa za aibu. Jina lake mwenyewe ndilo lililokuwa kwenye pakiti!

Mwaka 1890 kampuni tano hasimu, Duke na Kinney zikiwemo, ziliungana kuwa American Tobacco Company. Ushindani ukafifia, na kadi nazo zikapungua.

Nyingi zingeishia jalalani kama si Jefferson Burdick, fundi umeme wa Syracuse, New York. Alizipanga kwa herufi na namba ambazo wakusanyaji wanazitumia hadi leo: N245 ni waigizaji wa Sweet Caporal. Akiwa mgonjwa wa baridi yabisi, alibandika kwenye albamu za Metropolitan Museum vipande zaidi ya 300,000, akamaliza Januari 1963 na kufariki Machi.

Soko, hata hivyo, limewapunja wanawake hao. Kadi ya sigara ya mchezaji wa besiboli Honus Wagner iliuzwa dola milioni 7.25 mwaka 2022. Waigizaji wengi wa N245 hupatikana kwa dola chache tu. Anayetaka kuanza kukusanya aanzie hapo, ila ageuze kila kadi kwanza: alama za gundi ya albamu hupunguza bei.