Je, Wajua? Mziba Mmoja wa Moyo, Bei Tatu

Stenti ni kimirija cha wavu wa chuma, unene wake kama mrija wa wino wa kalamu. Daktari hukipitisha kwenye mshipa wa mkono au paja hadi penye mziba, akakitanua kwa puto.

Nchini India, wanakokwenda Watanzania na Wakenya wengi kutibiwa moyo, stenti yenye dawa iliuzwa hata zaidi ya rupia 100,000. Februari 2017 serikali ikaweka kikomo: rupia 29,600 kwa yenye dawa, 7,260 kwa ya chuma kitupu. Mamlaka ya bei ilikuwa imebaini kuwa faida nono zaidi ilibaki hospitalini. Kimirija ni kilekile!

Njia ya pili ni upasuaji wa kifua wa kuukwepa mziba, usiohitaji stenti. Kinachopandikizwa ni mshipa wa mgonjwa mwenyewe, mara nyingi wa mguuni. Gharama iko kwenye chumba cha upasuaji, chumba cha wagonjwa mahututi na siku za kulazwa. Hata hivyo, kwa mwenye kisukari ambaye mishipa yake kadhaa imeziba, utafiti wa FREEDOM wa 2012 ulionyesha vifo vichache kwa upasuaji kuliko kwa stenti.

Na vidonge? Utafiti wa COURAGE wa 2007, wagonjwa 2,287, uligundua kwamba kwa maumivu ya kifua yasiyo ya dharura, stenti haikupunguza vifo kuliko dawa peke yake. Shambulio la moyo ni habari nyingine: hapo mshipa hufunguliwa haraka. Tena aliyewekewa stenti hurudi dukani kununua vidonge vilevile, pamoja na vya kuzuia damu kuganda.