Hela ya shule imfuate mtoto? Kanyosha wana sababu ya kuuliza

KANYOSHA, Bujumbura. Asubuhi, magari ya kwenda Rumonge na Nyanza-Lac yakianza kujaza abiria hapa kusini mwa jiji, watoto wenye sare nao wanapita kando ya barabara. Wengine wanakwenda shule ya serikali, wengine ya kanisa, wengine ya mtu binafsi. Mama anayeuza ndagala na baba anayefuata bidhaa Kigoma wote wanatozwa kodi. Lakini mzazi akimtoa mwanawe shule ya serikali kwa sababu darasa limefurika, kodi yake haihami na mtoto. Analipa mara ya pili, safari hii minervali kutoka mfukoni.

Ndipo linapokuja swali la vocha: kwa nini serikali isimpe mzazi hati yenye thamani ya ada, aipeleke shule anayoitaka? Mchumi Milton Friedman aliliandika wazo hilo mwaka 1955, Chile ikalianza 1981 na Sweden 1992. Wanaolitaka wanasema shule zitashindania wateja kama maduka. Wanaolikataa wanasema wenye uwezo wataondoka na shule za umma zitaachiwa watoto wa maskini.

Burundi tayari iko nusu ya njia. Katika shule za mkataba, serikali inalipa walimu na dhehebu linasimamia shule. Kwa hiyo kodi inaingia shule za kanisa, ila inapitia kwa mwalimu. Ada ya shule ya msingi ilipofutwa mwaka 2005, ubishi mkubwa haukuwa mtoto achague wapi, ulikuwa atakaa wapi. Madarasa yalijaa, shule nyingi zikafundisha kwa zamu mbili.

Ng'ambo ya pili, Uvira, mambo yanafanana. Kongo ilitiliana mkataba wa shule na makanisa mwaka 1977, na elimu ya msingi bila malipo ikaanza kutekelezwa mwaka wa masomo wa 2019. Tatizo likawa walimu waliokuwa wakiishi kwa michango ya wazazi, ilhali majina yao hayakuwa kwenye orodha ya mishahara ya serikali.

Waliolijaribu wazo lenyewe ni Uganda. Mwaka 2007, elimu ya sekondari kwa wote ilipoanza, shule za serikali hazikutosha. Serikali ikaingia ubia na shule binafsi: Sh47,000 za Uganda kwa kila mwanafunzi kwa muhula. Wewe unayefanya biashara unajua mali kauli. Shule ilipokea wanafunzi leo, ikangoja malipo kutoka Kampala. Yakichelewa, mwenye shule asiye na mtaji anafanya nini? Anawageukia wazazi: mchango wa chakula, mchango wa jengo, wa hiki na kile. Kuanzia 2018 serikali ikaanza kujitoa katika ubia huo, ikisema fedha ziende kujenga shule zake katika maeneo yasiyo nazo.

Kenya nayo ilianza mwaka 2016 kuwalipia wanafunzi waliopangiwa vyuo vikuu binafsi. Madeni yakafika mabilioni ya shilingi, na mfumo mpya wa 2023 ukafunga mlango huo kwa wanafunzi wapya.

Kwa maoni yangu, tatizo katika nchi hizo mbili halikuwa mzazi kupewa uhuru wa kuchagua. Mlipaji alikuwa mzito wa kulipa. Hati yenye thamani pungufu, inayolipwa kwa kuchelewa, humsaidia mzazi anayeweza kujazia. Anayeuza ndagala kwa fungu hawezi.

Kuna jingine linalowahusu wasafiri wa Mugina na Gatumba. Itifaki ya Soko la Pamoja, inayotumika tangu Julai 2010, inamruhusu mfanyakazi kuhamia nchi mwanachama na mwenzi na watoto wake. Haikuunda mfuko wa kuwalipia shule. Vocha ya Bujumbura, hata ikipatikana kesho, ingeishia mpakani. Mzazi mwenye duka Kanyosha na mtoto anayesoma Kigoma kwa bibi yake angebaki alipo sasa, akipanga bajeti mbili: faranga upande huu, shilingi upande ule.