Kukarabati programu kongwe bila kusimamisha kazi

WAKAZI wa Voi walishuhudia reli ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, ikijengwa kando ya ile ya enzi za ukoloni huku treni zikiendelea kupita katika njia ya zamani.

Programu ya kompyuta iliyochakaa nayo huhitaji kushughulikiwa vivyo hivyo, hasa ikiwa imeandikwa kwa PHP, lugha iliyozinduliwa na Rasmus Lerdorf mwaka 1995 na ambayo ingali inaendesha tovuti nyingi duniani.

Chukua mfano wa chama cha akiba na mikopo cha Wundanyi au Taveta kinachotumia programu ya mwaka 2008. Aliyeiandika amekwisha kuhama bila kuacha maelezo, na kila aliyemfuata amebandika kiraka juu ya kiraka.

Amri za mysql_query, ambazo programu za wakati huo zilitumia kusoma hifadhidata, ziliondolewa kabisa katika PHP 7 iliyotolewa Desemba 2015. Chama kama hicho hujikuta kimenaswa katika PHP 5.6, ambayo watunzaji wake waliacha kuiziba mianya ya usalama mwishoni mwa 2018.

Isitoshe, programu nyingi za aina hiyo hulichukua neno aliloandika mtumiaji na kulitia moja kwa moja katika amri inayopelekwa kwenye hifadhidata. Mdukuzi akiandika amri mahali pa jina lake, aweza kusoma akiba ya kila mwanachama.

Kishawishi ni kuitupa programu yote na kuanza upya. Ni kishawishi cha gharama kubwa, kwani ndani ya msimbo huo mbovu mna kanuni za riba, faini na wadhamini ambazo pengine hazikuandikwa mahali pengine popote.

Lililo salama ni kuandika kwanza majaribio yanayothibitisha kwamba mkopo wa Sh50,000 ungali unatozwa riba ile ile. Kisha sehemu moja, tuseme ya risiti, huandikwa upya na kutiwa kazini kabla ya kuigusa nyingine. Hapa mfano wa reli una kikomo chake: SGR ilifunguliwa kwa mkupuo kutoka Mombasa hadi Nairobi, ilhali programu huhamishwa kipande kwa kipande.

Kenya ina kielelezo chake. Ushahidi, jukwaa lililobuniwa Januari 2008 kurekodi ghasia za baada ya uchaguzi, lilijengwa kwa PHP juu ya kiunzi cha Kohana, ambacho sasa hakihudumiwi tena. Toleo lake la tatu liliandikwa upya tangu mwanzo. Baadaye, katika safari ya kuhamia kiunzi cha Laravel, sehemu mpya ziliwekwa kando ya zile za zamani huku jukwaa likiendelea kutumika.

Msimbo wake uko wazi kwa umma. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taita Taveta kule Ngerenyi anaweza kuufungua na kusoma, badiliko baada ya badiliko, kilichofutwa na kilichochukua nafasi yake.